Chai ya Wageni wa Serikali

Kila nikirudi Guangzhou nanunua magauni ya watoto kwenye jengo moja la nguo pale Guangyuan Xilu, ghorofa ya tatu. Nimehamahama sana: Lusaka, Lubumbashi, Dubai. Kila mji niliuacha nikidhani unaofuata utanikumbusha nyumbani Shinyanga. Hakuna uliofanya hivyo, ila duka la mama mmoja wa Kichina asiyekubali kukuuzia kitu mpaka umekaa, umekunywa chai. Sisi Watanzania tulimwita Mama Laoban. Laoban ni bosi; umama tulimwongezea wenyewe.

Siku hiyo nilikuwa pale na dada mmoja wa Dar, mfanyabiashara mwenzangu, ambaye Kichina anakizungumza kama alizaliwa nacho. Wakaingia wanaume wawili. Mmoja alishika dumu la mafuta ya kula, mwingine mfuko wa mchele.

"Hao si wateja," nilimnong'oneza dada. "Mteja gani anakuja na mchele?"

"Kaka, wewe hata kivuli chako ungekidai kitambulisho. Hebu nyamaza nisikie."

Akasikiliza, kisha uso ukambadilika. Walikuwa maofisa wa serikali kutoka mji wa kwao Mama Laoban, mbali sana na hapa.

Habari yake tuliijua. Alipojifungua, hospitali ya mji huo ilimwongezea damu. Miaka mingi baadaye akakutwa na homa ya ini, na wanawake wengine waliolazwa wodi ile ile wakakutwa nayo pia. Wakatafutana, akawafungulia grupu kwenye simu, wakaanza kuomba uchunguzi: damu ile ilitoka wapi, nani alijua, na ni akina nani wengine walipewa ambao mpaka leo hawajijui. Mwanzoni hawakujibiwa kabisa. Halafu wakaambiwa suala lao linafanyiwa kazi. Halafu wakaambiwa hospitali ilishavunjwa na kumbukumbu zake meiyou, hakuna. Neno lile lile ninaloambiwa sokoni nikiomba punguzo. Nilipohadithiwa mara ya kwanza, nilihisi namsikiliza ofisa wa kwetu aliyebadilishiwa lugha tu.

Mama Laoban aliwamiminia chai. Wakagonga meza kwa vidole viwili, ndivyo watu wa hapa wanavyoshukuru. Yule mkubwa wao akatutupia jicho.

"Na hawa?"

"Wateja," akajibu Mama Laoban. "Kichina wanachokijua ni bei tu."

Dada akavuta gauni la njano, akajifanya anakagua mshono, na kila kilichosemwa akawa ananipenyezea.

"Wanasema watamlipia dawa mpaka apone. Zipo dawa zinazoponya kabisa, ila kuzipata ndiyo kazi."

"Na wao wanataka nini?"

"Subiri... Wanataka atoke kwenye grupu. Awaambie wenzake ameridhika, uchunguzi hauna haja tena."

"Akitoka yeye si limekufa hilo?"

"Ndiyo maana wamekuja kwake, kaka."

Nilimtazama Mama Laoban. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa ya manjano tangu safari yangu iliyopita, na marobota aliyokuwa akiyasukuma mwenyewe sasa aliwaachia wapagazi. Ningekuwa mimi, ningechukua dawa. Nilitamani azichukue. Lakini huruma iliyosafiri umbali wote ule, na mchele mkononi, sikuiamini.

Akawauliza jambo moja: damu ile ilikuwa nzuri au mbaya?

Mkubwa akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyekariri. Hakuna ushahidi wa tatizo lolote. Damu ilikuwa safi.

"Basi kunyweni chai," Mama Laoban akasema. "Inapoa."

Wakagonga meza tena. Yule mdogo akasema wametoka kunywa sasa hivi. Mkubwa aliinua kikombe, akakigusisha mdomoni, akakirudisha mezani. Nilikitazama kile kikombe. Kilikuwa kimejaa vilevile.

"Umeona?" nikanong'ona.

"Labda wanaogopa tu. Watu wengi wanadhani ugonjwa ule unaambukiza kwa kikombe."

"Mtu anayesema damu ilikuwa safi anaogopa nini?"

Dada akakigeukia kikombe. Mama Laoban naye alikuwa anakitazama kikombe kile kile. Aliposema, sauti yake ilikuwa ile ya kukataa bei mbaya, ya upole, isiyorudi nyuma.

"Dawa nipeni kwa sababu ni mgonjwa," dada akanitafsiria. "Grupu sitoki."

Mkubwa akasema mambo hayo mawili hayatenganishwi. Akamwomba afikirie afya yake. Wakaaga wakitabasamu, na mafuta na mchele wakaviacha mlangoni, kana kwamba wamekubaliana.

Mama Laoban akachukua simu, akaisogeza mdomoni, akaanza kuwarekodia wenzake ujumbe wa sauti. Dada aliliweka gauni chini.

"Anawaambia ameahidiwa dawa ili anyamaze, na amekataa. Anasema wakitembelewa, kila mmoja aulize kwanza damu ilitoka wapi."

Nilitoka hadi kwenye ukingo wa ghorofa na kuchungulia chini. Wale wawili walikuwa bado wamesimama pembeni ya ngazi ya umeme. Mkubwa alikuwa anaongea na simu, mwenzake akiipiga picha ghorofa yetu.

"Mama Laoban," nilimwambia niliporudi, "bado wapo."

Akaitikia kwa kichwa, kidole kikiwa bado kimebonyeza simu, akaendelea kusema.