Papa Alisema Anatosheka

Papa alikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Bukavu. Serikali iliacha kumlipa hata kabla ya vita, na vita vilipofika hapakuwa tena na mtu wa kumdai mshahara. Hata hivyo kila asubuhi alipiga pasi shati lake, akapanda kilima kwenda kufundisha watoto waliosinzia kwa njaa. Aliyetulisha ni mama. Alikwenda soko la Mudaka kwa miguu, akanunua unga wa muhogo, akarudi na gunia mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walichota fungu lao ndipo wakamwacha apite.

Jumamosi moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, alikuja bwana mmoja wa shirika la misaada na karatasi za maswali. Papa alimpa kiti chetu kizuri. Akaulizwa tunakula mara ngapi kwa siku, maji tunayachota wapi. Mwishoni yule bwana akauliza:

"Papa, unatosheka na maisha yako? Sana, kidogo, ao hapana?"

"Sana," papa akajibu. "Tuko wazima. Mungu iko."

Mama alikuwa ndiyo kwanza anatua mzigo mlangoni.

"Umesema nini?"

"Maman, huyu ni mugeni," papa akasema.

"Nakuuliza umesema nini!"

Papa akainamisha kichwa. Mama akamgeukia yule bwana. "Futa ile. Andika hapana."

"Maman, naandikaka jibu ya papa wa nyumba. Tena ni biki, wino yake haifutike."

Mama akavua kitambaa cha kichwa. Kamba ilikuwa imemchimba mfereji kwenye paji, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu. "Na hii? Iko na fasi yake ku karatasi yako?"

Yule bwana aliangalia karatasi, si paji. Akashukuru, akaenda zake.

Nilimchukia papa siku ile. Nilimwona mwongo. Sasa najua alikuwa na haya, na hasira yangu imehama. Nawakasirikia waliokula jasho lake miaka yote ile huku wakimwita mzalendo. Nawakasirikia waliomuuliza mtu swali kama hilo mbele ya watoto wake, kisha wakaenda kutuhesabu, katika ofisi fulani, miongoni mwa waliotosheka. Na mtu akiniambia hadi leo kwamba watu wa kwetu wana furaha hata kama hawana kitu, naondoka mezani.

Jumatatu papa hakwenda shuleni. Alifuatana na mama hadi Mudaka. Majirani walicheka: mwanaume mzima, tena mwalimu, kubeba gunia! Kwenye kizuizi askari walipoingiza bakuli katika unga wake, aliuliza kwa nini. Wakampiga makofi mbele ya mama.

Alirudi shavu limevimba. Mama alipasha maji, akatia chumvi, akamkanda. Nilikuwa nimeshika beseni.

"Miaka yote hii," papa akasema, "hukuniambia mambo ya kizuizi."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Papa alikaa nyumbani siku mbili. Siku ya tatu alirudi darasani, kwa sababu wanafunzi walikuja kumwita, na mama akashika tena njia ya Mudaka, peke yake.