Vidole Vilivyoogopa Mashine ya Langoni

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kompyuta niliambiwa nivue viatu mlangoni, nisile humo ndani, na nisiguse chochote mpaka niambiwe. Nami nilikuwa nimeajiriwa kugusa. Ndiyo kazi ya karani wa kuingiza data. Lakini Mkuu wa Kompyuta, mwanamume mrefu wa miwani tuliyemwita Bosi, alinisimamisha mbele ya mashine kuu akasema, "Hii ikifia mkononi mwako, usije kuniaga. Pitia tu langoni uende."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Kiwanda kilikuwa cha sabuni, Industrial Area, mtaa wa viwanda jijini. Kila asubuhi vibarua kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga walijaa langoni, na karani mmoja akawaandika majina kwa kalamu. Lango likifungwa hujaandikwa, umekosa kazi ya siku hiyo. Kwa hivyo walisukumana. Asubuhi moja karani alichelewa, na mama mmoja akabanwa kwenye vyuma vya lango hadi mkono ukavunjika. Wafula, mume wangu, alikuwa nyuma yake tu. Yeye alikuwa kibarua wa hapo hapo. Mimi ndani ya ofisi, yeye nje ya lango.

Ndipo Meneja Mkuu akaamua kompyuta iandikishe vibarua. Makarani wangeketi langoni na skrini zao, wachape namba ya mtu, na mashine kuu iliyo ofisini itafute jina lake na kumtolea tiketi. Kabla ya kuanza, tulihitaji jaribio la mzigo, yaani kuipa programu kazi nyingi kwa mpigo mmoja, kama itakavyoipata siku yenyewe, tuone itachoka wapi. Bosi alipotangaza jaribio hilo, Msimamizi wa Stoo alituletea mkokoteni wa katoni za sabuni hadi mlangoni.

"Mzigo ndio huu," akasema. "Mnaupimia wapi?"

Bosi akanipa mimi kupanga. Nyinyi mnaotoka vyuo vya kompyuta na vyeti mkononi, sikieni nilivyofanya. Nilienda kwanza langoni nikatazama. Watu hawaji kidogo kidogo kwa ustaarabu. Wengi wanafika mwishoni, pale lango linapokaribia kufungwa. Basi nikataka makarani wa ofisi zote waketi kwenye skrini, wachape namba tofauti, nyingine za makosa, maana mtu mwenye haraka hukosea namba yake. Halafu wabonyeze kitufe cha Enta kwa pamoja, tena na tena, bila kupumzika. Majina tuliyanakili kando, ili tukiharibu tuharibu nakala. Mimi ningeshika saa, nione jibu linachukua muda gani kurudi.

Ijumaa asubuhi Bosi aliinua mkono, akaushusha. Majibu yakarudi upesi, kila mara. Akanipa mkono. "Jumatatu tunaanza."

Nilimkuta Rehema chooni akinawa. Ni karani wa mauzo, msichana wa Eastleigh.

"Rehema, vidole vyako vilikuwa hewani."

"Vya nani havikuwa hewani? Mimi nilikuwa namngoja Mzee wa Akaunti abonyeze kwanza."

"Naye?"

"Alikuwa ananingoja mimi. Dada, nina watoto. Mashine ifie kwangu, nile nini, sabuni?"

Wote walikuwa wamepishana kama watu wa adabu mlangoni. Hakukuwa na mzigo wowote. Jumatatu mashine ingeshindwa mbele ya umati unaosukuma, na Wafula angekuwa kati ya umati na vyuma. Lakini nikisema, mimi ndiye nitakayepita langoni. Mwanangu Naliaka alikuwa bado ananyonya, na nyumba yetu ya mtaa wa Lucky Summer ilisimama kwa mshahara wangu.

Hata hivyo nikaenda kwa Bosi.

"Bosi, lile jaribio si jaribio. Hawakubonyeza pamoja."

"Nani hakubonyeza?"

"Nikikutajia jina wataogopa zaidi."

"Mama Naliaka, nani?"

"Wote. Wanaogopa yale maneno yako ya kupitia langoni. Waambie atakayeizima leo hana kosa."

Akavua miwani. "Nikisema hivyo na izime kweli, nitamwambia nini Meneja Mkuu? Ameshamwalika mwenye kiwanda aje Jumatatu kutazama." Kumbe naye alikuwa anaogopa.

Hasira ikanishika. "Mume wangu atakuwa langoni Jumatatu. Wewe utakuwa wapi?"

Akavaa miwani tena. "Waite," akasema. "Lakini maneno hayo utayasema wewe, mimi simo."

Nikayasema. Nikampa Bosi saa, nikaketi kwenye skrini karibu na Rehema. "Ikizima ni mimi," nikawaambia. "Nikisema tatu, na msipumzike." Nikabonyeza wa kwanza, nao wakafuata, vidole vikigonga kama mvua kwenye mabati. Muda si muda skrini zikaganda zote. Rehema alikuwa anaomba Mungu chini kwa chini. Bosi aliitazama saa, halafu akaacha kuitazama.

Mwenye kiwanda akaambiwa asije. Waliotuuzia programu waliirekebisha baadaye, na ilipoanza kutumika langoni mimi sikuwepo. Meneja wa Wafanyakazi alikuwa ameniita akasema kampuni inapunguza watu. Nilipunguzwa peke yangu. Wengine hustaafu na mvi, mimi nilistaafishwa nikinyonyesha, na hasira hiyo bado ninayo, siifichi. Nyinyi mnaoanza, kabla ya kupanga skrini ulizeni nani atalaumiwa mashine ikizima. Kama ni yule anayebonyeza, hamtapima chochote.

Mkiniuliza kama ningebonyeza tena, nawasimulia jioni ya Jumatatu ile. Mashine haikutumiwa; langoni waliongezwa makarani wenye kalamu. Wafula alirudi akinuka sabuni, akamchukua mtoto. Nikamuuliza, langoni kulikuwaje?

"Kawaida," akasema. "Kwani?"