Hesabu ya Majongoo Bahari

Kwa miaka kumi na moja Mama Fremu amehesabu majongoo bahari katika ghuba iliyofungwa, ambako hakuna anayeruhusiwa kuvua. Jina alilipata kwa mraba wa bomba la plastiki anaoubeba begani. Huulaza chini, maji yakiwa magotini, huhesabu jongoo waliomo, huandika kwa penseli, hupiga hatua kumi, huulaza tena.

Mwaka huu hesabu ilianguka. Hesabu baada ya hesabu: mia mbili na kumi, tisini, thelathini na mmoja. Jongoo hana mbio za kutoroka, aliwaza; kuna anayewachukua, na mlinzi wa ghuba ni mmoja tu: shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Siku alipowatembelea, aliona kwenye kamba suruali ya kazi yenye chumvi hadi kiunoni. Anayelinda kutoka ufukweni analowaje kiuno?

"Shemeji, unanikagua kama polisi," mlinzi alicheka. "Au nimenenepa?"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Dada! Maneno gani hayo mbele ya chakula?" mdogo wake aliuliza.



Jumatatu aliipelekea kamati ya ghuba barua ya kumtuhumu shemeji. Ijumaa wangeamua, shemeji angepoteza kazi, na nyumba ya mlinzi wanamolala watoto wanne.

Jumatano, saa nane mchana, alijificha kwenye mikoko amfumanie. Shemeji alikuja, akaingia majini hadi kiunoni, akanasua wavu chakavu uliokwama kwenye majani bahari, akauburuta ufukweni, akaondoka.

Hapo mchanga ukatikisika chini ya maji, kando ya mguu wa Mama Fremu. Jongoo akajitokeza. Wa pili. Wa sita. Zamani alihesabu jongoo siku zile ambazo maji hukupwa alasiri. Mwaka huu ofisi inayopokea hesabu zake ilihamishia kazi asubuhi, kidogo kidogo, ili ripoti iwahi. Asubuhi jongoo wamejifukia, na fremu haihesabu kilichofukiwa.

Ijumaa alisimama mbele ya kamati. "Kosa ni langu. Hakuna aliyeiba."

Mwenyekiti alivua miwani. "Jumatatu mwizi, leo si mwizi. Mdogo wako amekulilia, siyo?"

Wajumbe wakatazamana. Macho yale aliyafahamu. Mwezi mzima yalikuwa yake.

"Msiniamini," alisema. "Leo maji yanakupwa saa tisa na nusu. Twendeni mkahesabu wenyewe."

Mwenyekiti alitazama saa. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu polepole, bila kuyaondoa macho usoni pa Mama Fremu.