Gari la Wagonjwa Linalopitwa na Baiskeli za Mkaa

Saa nne asubuhi king'ora kinalia kwenye barabara ya kutoka Handeni kuja Korogwe. Magari yanapisha, bodaboda zinaingia majanini. Kisha watu wanasubiri, na kusubiri, hadi mmoja anachungulia nyuma kuona gari la wagonjwa limekwama wapi.

Halijakwama. Linakuja, na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa imelipita sasa hivi.

Kwenye usukani yupo Hiza Mdoe (52), ambaye zamani, alipokuwa akiendesha basi, abiria walimwita Kimbunga. Siku hizi hata mkewe anamcheka. "Nikirudi nyumbani ananiuliza leo nimepitwa na ng'ombe au mbuzi," anasema bila kuona haya.

Nyuma amelala Twaha, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nimonia imembana vibaya. Mpira mwembamba umepitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa. Muuguzi Yuditha ameushikilia hapo mdomoni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anabinya kifuko cha kumpulizia hewa.

"Mpira huu hautaki utani," anasema. "Ukizama kidogo tu unaingia upande mmoja, pafu la pili linakosa hewa. Ukipanda kidogo umetoka, na mwenyewe hana nguvu ya kupumua."

Mpira una alama, na alama inayotakiwa lazima ibaki usawa wa midomo. Basi kila wanapovuka tuta Hiza anauliza, "Mdomoni?" Yuditha anajibu, "Palepale." Mwandishi wa habari hizi alijaribu kuchomeka habari za Simba na Yanga, akanyamazishwa.

Wanapoingia Manundu, Hiza anazima king'ora, maana watu wakishtuka wanakatiza mbele yake na kumlazimisha afunge breki. Hapo ndipo balaa linapoanza.

Gari lina kitanda, linakwenda mwendo wa miguu, na ndani kuna mama aliyejifunika uso kwa khanga. Watu wa Manundu hawahitaji kuambiwa zaidi. Fundi cherehani anaacha suruali ya mteja kwenye mashine. Wanaume wanavaa kofia na kufuata nyuma kimyakimya. Vijana kadhaa wameshabeba majembe na sepetu, maana kaburi halijichimbi.

"Nikatazama kwenye kioo, nikasema haya, wameshamzika mtoto wa watu," anasimulia Hiza.

Mbele kidogo anasimama. Mvua ya jana imekata barabara na kuacha mtaro, na njia nyingine hakuna. Akiuvuka hivyohivyo, gari litaruka na mpira utahama.

Mzee Sharifu, muuza vitambaa, tayari na kanzu ya mazishi, anagonga dirisha kwa heshima zote. Anatoa pole, anauliza marehemu ni nani.

Maryamu, mama yake Twaha, anafuta machozi, na kwa kuwa adabu ni adabu, anaanza kwa kumwamkia.

"Shikamoo mzee. Humu hakuna marehemu. Mwanangu anapumua."

Mzee Sharifu anakosa pa kuuweka uso wake. Hiza anashuka, anamweleza habari ya mpira, anamwonyesha mtaro. Mzee anautazama, kisha anawageukia waombolezaji wake.

"Sasa hayo majembe mmebeba ya nini? Fukieni."

Wanafukia, wanashindilia kwa miguu, fundi cherehani akiwa mbele. Gari linapita pole pole.

"Mdomoni?" anauliza Hiza.

Yuditha anainama kutazama alama, anasikiliza kifua, kulia na kushoto. Nje, wenye majembe wanasogea dirishani.

"Palepale."

Wiki iliyofuata, hospitalini Korogwe, Twaha alitolewa mpira, na kitu cha kwanza alichofanya ni kulilia uji. Hiza akaamua kuandika nyuma ya gari: "Mgonjwa Yu Hai. Msifuate." Mzee Sharifu, aliyekwenda kumwona mtoto akiwa na kanzu yake ileile ya mazishi, alikataa katakata.

"Ukiandika hivyo," alimwambia, "siku nyingine nani atakuja na jembe?"

Hiza amelifikiria sana. Rangi ameshanunua, na ruhusa ameshaomba. Ataandika: "Mgonjwa Yu Hai. Njooni na Majembe."