Mvinyo wa Mke wa Kwanza

Sababu ya safari yetu ilikuwa chupa moja ya mvinyo, na chupa yenyewe haikuwa yangu. Mume wangu, Damian, alipomwoa mke wake wa kwanza, Stella, familia ya Wagoa wa Mji Mkongwe, Wakatoliki wenye asili ya India, iliwapa zawadi ya chupa ya poti, ule mvinyo mtamu na mzito wa Ureno. Mama yake Stella, Bi Tekla, alikuwa mpishi wao. Wagoa wakasema ifunguliwe siku ya jubilei, ndoa ikitimiza miaka ishirini na mitano. Stella hakuifikia siku hiyo. Aliugua akafariki, na baada ya miaka kadhaa Damian akanioa mimi. Chupa ikabaki Unguja, kabatini kwa Bi Tekla, mpaka mwaka huu alipopiga simu.

"Jubilei imefika," alimwambia Damian. "Njoo na mkeo tuifungue."

Ningeweza kukataa. Nilikwenda kwa sababu sikutaka Damian akae meza moja na Stella mimi nisiwepo. Najua alishakufa. Wivu wangu haukujali hilo.

Morogoro, alfajiri, tulipanda treni. Damian alikuwa amenyoa ndevu vizuri na kuvaa shati jeupe ambalo hakulivaa hata kwenye harusi ya mdogo wangu. Mpaka Dar es Salaam nilikuwa nikilitazama lile shati. Kwenye boti alisimama nje akitazama mbele tu, nikamfuata.

"Unawaza nini?"

"Nawaza kama kizibo kitatoka."

Sikumwamini.

Mji Mkongwe tulifika adhuhuri. Bi Tekla alikuwa akitungoja mlangoni, mwembamba, kanga kiunoni. Nilimnyoosha Damian kola ya shati, kisha nikamwamkia Bi Tekla. Yeye alinitazama usoni kitambo kabla ya kuitikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe Yusta. Haya, piteni."

Alasiri alinichukua sokoni Darajani kununua samaki, Damian akabaki kutengeneza bomba la jikoni.

"Bi Tekla, leo una mgeni?" muuza samaki aliuliza.

"Mke wa mkwe wangu."

Yule bwana alinitazama tangu kichwani hadi miguuni. Kisha akatuchagulia changu wanono. Nami nilijiona kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake.

Tulipokwisha kula, jua lilikuwa bado halijazama. Damian akaichukua chupa. Kizibo kilisagika mikononi mwake, ikabidi Bi Tekla alete kichujio cha chai. Wakati mvinyo ukichujwa, niliomba moyoni uwe umegeuka siki. Niliomba kwa dhati kabisa.

Haukugeuka. Ulishuka kwenye vigilasi na rangi ya tende, ukinukia zabibu kavu na sukari iliyoungua kidogo. Mdomoni ulianza kwa utamu, halafu ukaja ukali mwembamba, halafu kitu kama korosho za kukaanga, na nilipokwisha kumeza ladha bado ilikuwepo. Sijapata kunywa kitu kizuri namna ile, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Damian alifumba macho. "Stella angesema sukari imezidi."

"Angesema, kisha amalize chupa," alijibu Bi Tekla. Wakacheka wote wawili. Mimi nikakusanya sahani nikaenda jikoni.

Bi Tekla alinifuata, akasimama karibu na bomba.

"Umekasirika."

"Hapana, mama."

"Nnakuona tangu mchana."

Nikaweka sahani chini. "Nina wivu, mama. Na mtu aliyekufa. Naona aibu kulisema."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta sahani ambayo sikuwa nimeiosha. "Mimi nnakuonea wivu wewe," alisema. "Pale mlangoni ulipomnyoosha kola, nlitamani nikurudishe bandarini. Ile kazi ya mwanangu."

"Basi mbona ulituita wote?"

"Ningeinywa na nani? Na Damian sasa hatembei bila wewe. Nshakuwa mtu mzima, Yusta. Nlichoka kumchukia mtu nisiyemjua sura."

Hatukukumbatiana. Tulimaliza vyombo, tukarudi mezani, naye akajaza glasi yangu kabla ya ya Damian.

Asubuhi Damian alitaka kunitembeza. "Nikupeleke Mangapwani, ukaone pango."

"Ulikwenda na Stella?"

"Baada ya harusi, ndiyo."

"Basi sitaki. Nipeleke Mkokotoni."

"Mkokotoni kuna nini?"

"Hukwenda na mtu."

Bi Tekla aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Tukaenda Mkokotoni. Tulizunguka soko, tukala pweza, tukatazama watu wakivuka kwenda kisiwa cha Tumbatu. Hapakuwa na la ajabu, lakini nilifurahi siku nzima.

Safari ya kurudi, bahari ilichafuka kidogo. Damian alianza kusema, "Stella alikuwa anaogopa sana boti," kisha akajikatiza, akanitazama. Wivu ulinirudia, uleule.

"Endelea," nikamwambia. "Alikuwa akishika nini akiogopa?"

"Mkono wangu."

Iliniuma. Nilimwacha asimulie mpaka mwisho, na hadithi ilikuwa nzuri.

Nimerudi Morogoro na wivu wangu wote. Nilichojifunza ni kwamba naweza kulisikia jina la Stella na nikabaki nimekaa palepale nilipo. Bi Tekla naye nadhani anajifunza hivyo juu ya jina langu. Jumapili iliyofuata alipiga simu. Damian alipoipokea, Bi Tekla akamwambia hakumtaka yeye, ampe mkewe.