Mpiga Ngoma wa Jeshi la Mfalme

Leoncio Ccorahua ni mfinyanzi. Hufinyanga makanisa madogo ya udongo, yale tunayoyaweka juu ya mapaa ili nyumba zisipatwe na mabaya. Mwaka mzima ni mpole, mtu wa kukaa nyuma. Lakini kila ilipofika tarehe tisa Desemba, alikuwa mwingine kabisa.

Siku hiyo kijiji chetu huigiza vita. Hapo juu yetu, kwenye uwanda wa Ayacucho, ndipo jeshi la mfalme wa Hispania liliposhindwa mwaka 1824, Peru ikapumua. Tunagawana nusu kwa nusu, wazalendo na Wahispania. Kwa kuwa hakuna atakaye kuwa Mhispania, hupigwa kura, na wanaoangukiwa huzomewa hata na mama zao.

Leoncio hakupiga kura kamwe. Babu wa mababu zake, Mariano, alikuwa mpiga ngoma wa wazalendo, akafa kwa risasi akiwa na miaka kumi na tisa. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Jina lake lilisomwa kila mwaka mbele ya kanisa. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita Leoncio alitangulia mstari wa wazalendo na ngoma yake, na dada yake mkubwa, Saturnina, alisimama mbele ya watu wote akijisikia malkia.

Wiki moja kabla ya sherehe za miaka mia mbili, mwalimu Zenaida Pariona alimwita Leoncio kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Padri alikuwa amempa kazi ya kunakili vitabu vya zamani vya mazishi.

"Kaa kwanza, Don Leoncio."

"Nikikaa nitakuchafulia kiti kwa udongo. Wewe sema tu, Mwalimu."

Akamsomea, kidole juu ya mstari: "Tarehe kumi na moja Desemba nimemzika Mariano Ccorahua, mpiga ngoma wa jeshi la mfalme, aliyefia nyumbani kwa mama yake kwa jeraha la tumbo."

Leoncio akakaa.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Huyo ni Mariano mwingine."

"Mama yake ametajwa. Petrona Yupari. Si ndiye aliyeandikwa kwenye msalaba wa kaburi la ukoo wenu?"

Mwalimu aliniambia baadaye kwamba alidhani mzee amepatwa na kiharusi. Mdomo ulikuwa wazi, macho hayapepesi. Alipoondoka aliipita nyumba yake mwenyewe, akafika hadi mtoni ndipo akagundua.

Saturnina alimsikiliza akiwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Miaka mia mbili paa la kanisa linavuja," alisema, "na mvua ikauacha ukurasa huo tu?"

"Alikamatwa shambani, dada. Mwalimu anasema wengi wa jeshi la mfalme walikuwa watu wetu, wanasema Kiquechua kama sisi. Walifungwa kamba wakapelekwa."

"Basi kawaeleze hayo watakaokutemea mate. Mimi sijasikia kitu. Na wewe hujasikia."

Siku ilipofika, wazalendo walijipanga, na mbele kabisa wakaacha nafasi ya ngoma. Leoncio akaja na shati lake la kazi, ngoma begani. Akaipita nafasi ile. Akavuka uwanja mzima hadi upande wa Wahispania, akageuka, akasimama. Bendi ilinyamaza chombo kimoja kimoja.

"Umepotea, mjomba," kijana mmoja wa mstari ule alimnong'oneza. "Huku ni kwa wanaoshindwa."

"Najua."

Mwenyekiti wa sherehe akaja mbio, kofia mkononi. Leoncio akamweleza kwa sauti yake ya kawaida, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia kila neno. Hakuna aliyezomea. Ingekuwa nafuu watu wangezomea. Tulitazamana kama watu walioamshwa kwa maji baridi.

Vita tulivipigana vibaya, kila mtu akimkwepa mwenzake. Yaliposomwa majina ya mashujaa, msomaji alifika kwa Mariano, akaliruka jina lake. Leoncio aliinamisha kichwa kama aliyepigwa. Saturnina aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa, na hadi Pasaka hakumsemesha ndugu yake.

Kisha watu wakaanza kwenda kwa mwalimu, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu. "Kile kitabu, Mwalimu, kina sisi pia?" Wengine walitoka wakicheka kwa ahueni. Wengine walitoka kwa mlango wa nyuma. Desemba iliyofuata kura haikupigwa: watu saba walijipanga wenyewe nyuma ya Leoncio, na majina yote yakasomwa, ya pande zote mbili.

Mimi nilikuwa wa tatu katika mstari huo. Niliingia chumba kile nikiwa na uhakika wangu wote, maana bibi yangu alinisimulia kwa kiapo kwamba wetu walipigana upande wa wazalendo. Nilitoka nikishika ukuta.