Lugome Aliyefia Bama

Kasiani alipohamia kile kibanda cha udongo nyuma ya nyumba yetu pale Bigwa, mwaka wa arobaini na saba, nilimwuliza jina lake kama mtu yeyote anavyomwuliza jirani mgeni. Akafikiri! Wallahi, mtu mzima na ndevu zake, anafikiri jina lake mwenyewe. Mwishowe akasema nimwite Kasiani, tena kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mwenzake. Jioni nikamwambia mume wangu Mikidadi kwamba tumeletewa mwizi.

Hakuwa mwizi. Alikuwa fundi wa kusuka matenga, yale ya mianzi ambayo watu wa Mgeta hujazia kabichi na karoti za kupeleka Dar es Salaam. Mikidadi alikuwa dereva wa lori la mboga, kwa hiyo matenga yaliyovunjika alikuwa anamletea yeye. Wakazoeana. Mimi nikawa shemeji yake, naye shemeji yangu, na chai ya jioni nikawa nampelekea, maana nyumba isiyo na mwanamke wala mtoto inatia huruma hata kama mwenyewe hajalalamika. Alikuwa anapokea kikombe kwa mikono miwili, anashukuru, basi. Mtu mpole mpaka unataka kumtingisha.

Ilichukua muda mrefu kunifungulia moyo wake, na alinifungulia kwa vipande vipande, nami nikaviunga.

Kwao ni huko juu Mgeta, kwenye ukoo ambao kiongozi wake huitwa Lugome. Si cheo, ni jina, tena jina lile lile tangu enzi za mababu. Lugome akifa, ndugu wa upande wa mama hukaa wakamchagua mpwa wake au ndugu yake, wakamvika kaniki na kikuku cha shaba, na kuanzia hapo yule ndiye Lugome. Jina la zamani analiacha. Watoto wa marehemu wanakuwa watoto wake na shamba la marehemu linakuwa shamba lake. Na kila walilolifanya kina Lugome waliotangulia, yeye ndiye kalifanya. Siku ya kuvikwa, mzee wa ukoo anamwuliza mbele ya watu: nani aliyefyeka msitu wa bonde hili? Naye anajibu, ni mimi. Mimi ni Mluguru pia, ila sisi wa huku chini ni Waislamu, na desturi hiyo kwetu haipo. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa ananisimulia hao kina Lugome huku vidole vyake vinasuka. Wa kwanza alipanda na mto, amebeba kaa la moto kwenye chungu, akafyeka msitu. Wa pili aliwaficha watu pangoni Wambunga walipokuja kuteka, na akamnyonga mbwa wake mwenyewe kwa mikono ili asibweke. Wa tatu aligawa maji ya mfereji, watu wakaacha kukatana mapanga. Wa nne, loo, huyo alikuwa balaa, aliuza shamba la bondeni kwa gora la kitambaa, na hilo nalo kila anayevikwa jina lazima alikubali mbele ya watu kwamba kalifanya yeye. Wa tano alibatizwa na padre huku kiko chake kimo mdomoni. Kasiani akinoga katika hadithi alikuwa anasema, "Nikamshika mbwa wangu shingo." Halafu anajikata, anameza mate, anasema, "Akamshika." Hapo nilikuwa naangalia pembeni.

Maana Lugome wa sita alikuwa ni yeye.

Alivikwa jina akiwa bado kijana, vita vya Hitla vilikuwa vimeanza tu. Baadaye akachukuliwa Keya, jeshi la wakoloni, akapelekwa Bama, vitani ng'ambo ya bahari. Mke wake alikuwa amekwishafariki kwa homa, akaacha kabinti kamoja, Modesta, ndiyo kwanza kanajifunza kutembea. Kasiani alimwacha kwa Fransisko, mtoto wa mama yake mdogo. Sasa kule Bama kulikuwa na kuvuka mto wakati wa mafuriko, askari wengi wakasombwa. Askari mmoja aliyerudi likizo akapita Mgeta akasema amemwona Lugome kwa macho yake akienda na maji. Hakusema uongo, alimwona. Ila hakuona alivyoshika mti kule chini.

Ukoo ukafanya kama unavyofanya siku zote. Matanga yakakaliwa, watu wakanyoa nywele, misa ya marehemu ikasomwa. Na kwa kuwa jina halilali nje, likavikwa Fransisko. Alipoulizwa ni nani aliyefia Bama, akajibu, ni mimi.

Kasiani akarudi arobaini na sita, na koti la jeshi, anapanda njia ile ya mteremko akiimba. Wanawake waliokuwa mferejini walipomwona wakatupa mitungi wakakimbia. Alifika uani kwake akamkuta Modesta anachezea maganda ya maharage. Akainama kumnyanyua, mtoto akapiga ukelele, akakimbilia miguu ya Fransisko na kumwita baba.

Wazee wakakaa. Fransisko alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya hata kidogo. Alilia, akaanza kuvua kikuku. Mzee Benedikto, mkubwa wa ukoo, akamshika mkono. Lugome wawili walikuwa hawajapata kuwa hai pamoja, na jina halivuliwi mtu anayepumua, kwani kumvua ni kumwua. Kasiani akasema basi, jina wabaki nalo, shamba wabaki nalo, yeye apewe mtoto wake tu. Benedikto akamjibu maneno ambayo Kasiani aliyabeba mpaka Bigwa na kunipa kama yalivyo:

"Mtoto wa Lugome anakaa kwa Lugome. Wewe tulikwishakulilia."

Wakamwambia arudie jina lake la ubatizo, kama mtu anayerudishiwa kaptula ya utotoni. Wakamtaka pia asimwambie mtoto neno, maana mtoto aliyeliliwa baba yake halafu akaonyeshwa baba huyo ataugua. Fransisko akaahidi kwamba Modesta akikua atamweleza mwenyewe. Na majirani wakiulizwa na yule mtoto, hawakuwa na haja ya kudanganya. Baba yako ni Lugome, walimwambia, na ilikuwa kweli tupu. Kasiani akalala kwao siku chache, akaona kila akikaa mekoni watu wanamaliza kula haraka na kuondoka. Nani anakula na mtu ambaye pombe ya matanga yake imekwishanywewa? Akashuka.

Nilipoipata habari hii nzima moto ulinipanda. Nilitaka Mikidadi aniweke kwenye lori siku hiyo hiyo nikawapashe wale wazee. Kasiani akaniomba nitulie. Alisema yeye anataka kitu kimoja tu duniani, Modesta amwite baba, na nikienda kupiga kelele huko juu hatakipata kamwe. Nikatulia. Sikupenda, lakini nikatulia.

Miaka ikaenda hivyo. Kila akipata chochote alikuwa anamnunulia mtoto kitu, na Mikidadi anakipeleka kwa Fransisko. Kwanza ulikuwa ushanga wa buluu. Mwaka ule wa baridi kali ikawa blanketi. Mtoto alipopata kipaimara ikawa rozari ya mbao, na siku moja Kasiani akamsukia katenga kadogo ka kubebea mayai, kenye ufito mweusi uliozungushwa mdomoni. Fransisko alimpa mtoto vyote, na alipoulizwa vimetoka wapi akasema ni baba yako kakuletea. Angesema nini tena? Mikidadi akirudi, Kasiani alikuwa anasimama barabarani kabla lori halijazima, anataka aambiwe mtoto alisemaje, alivaaje, amefika wapi kwa urefu. Mikidadi anaonyesha kwa kiganja kwenye mbavu zake. Mwaka unaofuata anaonyesha begani. Halafu Kasiani anaingia kibandani kwake na mimi nasikia mianzi inapasuliwa mpaka magharibi. Ilikuwa inaniuma, nasema kweli. Watu waliofiwa hutembelewa, yeye ambaye ndiye aliyefiwa na ndiye aliyekufa, nani angemtembelea?

Mwaka baada ya zile vurugu za matuta, serikali ilipowalazimisha watu kuyalima mlimani kuzuia udongo usiporomoke, Fransisko akafa kwa kichomi. Kwenye vurugu hizo alikuwa amesimama barazani akawaambia wakubwa wa serikali uso kwa uso kwamba watu wake hawatalima matuta yao, na alisifiwa sana. Modesta alikuwa msichana mkubwa sasa. Na ile ahadi ya kumweleza, Fransisko alikwenda nayo kaburini.

Matanga hayajaisha, Mzee Benedikto mwenyewe akashuka mpaka Bigwa, akiongozwa mkono, macho yamefifia. Akakaa kwenye kigoda changu, akanywa chai yangu, akasema ukoo umemchagua Kasiani kuwa Lugome.

Nilicheka kwa hasira. Eti mtu arithi jina lake mwenyewe! Nikamwambia Kasiani akatae, tena amfukuze mzee huyo na mkongojo wake. Si ataulizwa nani aliyefia Bama? Atasimama mbele ya watu ajitangaze maiti? Na msichana akisikia hivyo ndiyo basi, baba aliyemzaa atakuwa kazikwa mara ya pili, safari hii kwa kinywa chake mwenyewe.

Kasiani alininyamazisha kwa upole wake ule ule.

"Shemeji, nikikataa watampa mwingine. Modesta atapata baba wa tatu."

 Nikaingia ndani nikalia.

Tulikwenda naye, mimi na Mikidadi, maana asingekuwa na mtu wake hata mmoja. Lori lilipoishia tukapanda kwa miguu, ukungu umeshika, mimi pumzi imenikata na kanga imelowa mpaka magotini. Uani watu walikuwa wengi. Wakamkalisha kwenye kigoda, wakamfunga kaniki, wakamvisha kikuku. Niliona kinamwingia vizuri, kwani mkono ni ule ule.

Mzee Benedikto akaanza. Nani aliyefyeka msitu wa bonde hili? Ni mimi. Nani aliyewaficha watu pangoni? Ni mimi. Akamjibu maji, akamjibu shamba lililouzwa, watu wakacheka kidogo kama desturi, akamjibu padre na kiko. Halafu mzee akauliza, nani aliyefia Bama?

 Mimi namwangalia Kasiani, Kasiani anawaangalia watu. Wakubwa wote pale walijua. Wote wakaangalia chini. Nilifungua mdomo, naapa nilikuwa naulipua ukweli, Mikidadi akanifinya mkono mpaka nikaona nyota.

"Ni mimi," Kasiani akasema.

Hata sauti haikutetemeka. Akaulizwa matuta, akajibu. Nikadhani imekwisha.

Kumbe kuna sehemu ya watoto. Mtoto wa marehemu hupiga magoti mbele ya aliyevikwa, naye anauliza ya kwake, yale aliyotendewa na baba, ili ajue kwamba baba hajaondoka. Modesta akaja. Amenyolewa nywele, amefunga kitambaa, macho yamevimba, amevaa ule ushanga wa buluu. Alikuwa na kipaji cha uso cha Kasiani, kile kile, sijui watu wale walikuwa wanaangalia nini miaka yote.

Akauliza nani aliyemletea ushanga alipokuwa mdogo.

 Nilimwona Kasiani anaziangalia zile shanga kama anazihesabu.

"Ni mimi," akasema.

Nani aliyemletea blanketi ule mwaka wa baridi? Ni mimi. Nani aliyempa rozari? Ni mimi. Sasa sauti ilikuwa imevunjika, machozi yanamtiririka mpaka ndevuni, na wale wazee wakawa wanatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akanong'ona kwamba hajapata kuona Lugome anayelibeba jina vizuri namna hii. Msichana akauliza la mwisho, nani aliyemsukia tenga la mayai.

Kasiani akageuza vile viganja vyake vilivyochanwachanwa na mianzi, akamwonyesha.

"Ni mimi, mwanangu. Ni mimi niliyelisuka."

Msichana akaviangalia viganja. Kwa muda nilidhani ameona. Nilimwomba Mungu huyu mtoto aone.

Modesta akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, baba," kama alivyofundishwa kusema. Kisha akamwangukia magotini akamlilia Fransisko kwa sauti, anamtaja baba yake, anamwita arudi. Kasiani akaweka mkono juu ya kichwa kile kilichonyolewa, kwa woga, kama mtu anayegusa kitu cha watu.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia. "Pole. Pole sana kwa kufiwa na baba yako."